Umeme Uanzie Yadini

Mallorca ni kisiwa cha Uhispania katika Bahari ya Mediterania, mbali kabisa na matope ya soko la Gikomba jijini Nairobi, lakini mkono wake umo katika safari ya kila siku ya watu wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji. Treni za abiria ambazo Shirika la Reli la Kenya lilizinunua zikiwa tayari zimetumika, seti 11, zilitoka huko na kufika Nairobi mwaka 2020. Rais Uhuru Kenyatta alizizindua Novemba mwaka huo katika stesheni kuu. Ziliifaa Nairobi kwa kuwa reli ya Mallorca ina upana wa mita moja, sawa na ile ambayo Waingereza waliitandaza kutoka Mombasa. Kisiwa nacho kilikuwa tayari kuachana nazo, maana kilikuwa kimetundika nyaya za umeme juu ya reli zake, na treni za dizeli zikakosa kazi.

Nairobi basi ilinufaika na uamuzi ambao yenyewe haijaufikia. Treni hizo zimekuwa msaada mkubwa, na anayekumbuka mabehewa ya zamani, abiria wakining'inia milangoni na wengine wakiwa wameketi juu ya paa, hawezi kuzibeza. Hata hivyo zimeleta pia swali lililokwisha kujibiwa kule zilikotoka: dizeli ikishaondoka, umeme uingie kwa mlango gani?

Mlango wenyewe uko karibu na Gikomba kuliko wengi wanavyodhani. Mchuuzi anayetoka sokoni na kushika njia ya Muthurwa, kisha akavuka Landhies Road, huwa amefika kwenye ardhi ya reli. Akielekeza macho mashariki, ukanda huo unaendelea kupita Landi Mawe na Makongeni hadi Makadara, ambako reli moja hugawanyika kuwa nyingi na mabehewa hupangwa. Stesheni kuu, karakana kuu na yadi ya Makadara zote zimo katika ukanda huo kati ya Jogoo Road na Eneo la Viwanda.

Jiji lenyewe lilianza hivyo, likiwa yadi. Mei 1899, wajenzi wa Reli ya Uganda walipofika kwenye uwanda wa majimaji ambao Wamaasai waliuita Enkare Nyirobi, shida yao ilikuwa kupata mahali tambarare pa kuweka vipuri, maji na injini kabla ya kuupanda mlima wa Kikuyu na kuteremka Bonde la Ufa. Nyumba zilifuata injini. Muthurwa na Makongeni zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, na vizazi vya watu vimelelewa humo wakisikia injini zikinguruma hata saa ambazo hakuna treni inayokwenda popote.

Kila mara treni za umeme zinapotajwa nchini Kenya, fikira hurukia reli ndefu. Watu huulizia ile ya SGR, iliyofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi tarehe 31 Mei 2017 na ambayo huvutwa kwa dizeli, wakaanza kuhesabu mamilioni ya nguzo na nyaya hadi mradi ukafia kwenye hesabu. Hapa Nairobi hesabu inaweza kuanzia kwingine. Yadi ndipo dizeli inapopotea zaidi bila kumfikisha mtu popote. Ndipo pia treni zinapolala saa nyingi, na ndipo majirani walio karibu wanapovuta moshi.

Injini ya dizeli ya treni haizimwi ovyo. Hata ikiwa imesimama, huzungusha kompresa inayojaza hewa kwenye breki na huchaji betri. Dereva aliyewahi kushindwa kuwasha injini alfajiri kwa betri dhaifu, abiria wakiwa wamefurika jukwaani, huona afadhali aiache ingurume. Injini za kupangia mabehewa ndizo zenye upotevu mkubwa kuliko zote. Hizo husukuma behewa hatua chache, zikasimama, zikangoja ishara, zikavuta tena, na sehemu kubwa ya zamu hupita zikingoja huku zimewaka. Dizeli inayochomwa polepole namna hiyo haiungui vizuri, hutoa masizi. Juni 2012, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuingiza moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kuwaletea binadamu saratani. Treni inayopita Makadara huondoka na sehemu kubwa ya moshi wake. Inayonguruma pale saa nzima huuacha wote kwa watu wa Makongeni, Kaloleni na Landi Mawe.

Mota ya umeme ikisimama haili chochote. Inaamka dereva anapoitaka, na breki zikishikwa inaweza kugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu iliyotumika. Kwa kazi ya yadi, ambayo ni kuondoka na kusimama mchana kutwa, ni vigumu kuwazia mtambo unaofaa zaidi.

Ratiba ya Nairobi nayo inasaidia. Treni za abiria huwaleta watu mjini asubuhi kutoka Syokimau, Embakasi, Ruiru, Thika, Kikuyu na Limuru, kisha huwarudisha jioni. Katikati ya mchana seti nyingi hukaa tu, na usiku hulala zote. Basi la umeme linalozunguka mjini hulazimika kuiba dakika za kuchaji. Treni hizi zimepewa saa nyingi bila kuomba.

Saa hizo za usiku ndizo Kenya inapokuwa na umeme usio na mnunuzi. Takriban asilimia 90 ya umeme unaozalishwa nchini hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, na mvuke wa Olkaria ndio wenye fungu kubwa zaidi. Watu wakilala, matumizi hushuka sana, na mvuke mwingine huachiliwa hewani kwa kukosa mtumiaji. Mwaka 2023 mamlaka ya kudhibiti nishati, EPRA, iliweka bei maalumu kwa magari ya umeme: shilingi 16 kwa uniti moja katika saa za kawaida, na shilingi 8 katika saa ambazo matumizi yako chini, kabla ya kodi na tozo. Bei hiyo iliwekewa kikomo cha uniti 15,000 kwa mwezi, kwa hiyo ililenga mabasi na bodaboda. Reli haikufikiriwa. Ingestahili kufikiriwa, na hilo halihitaji nguzo hata moja kusimamishwa.

Wapo walioanza njia hii kwa reli nyembamba kama yetu. Machi 2014 kampuni ya JR East ya Japani iliingiza treni ya betri, EV-E301, kwenye njia ya Karasuyama katika mkoa wa Tochigi. Njia hiyo ina kilomita 20.4 zisizo na nyaya. Treni huchaji ikiwa chini ya nyaya za njia kuu, hukata mashamba kwa nguvu ya betri, na ikifika mwisho wa reli huinua mikono yake na kuchaji tena kwenye kipande kifupi cha waya kilichowekwa stesheni. Betri ya seti ya mabehewa mawili ina uwezo wa uniti 190. Kwa ile bei ya shilingi 8, kuijaza kungegharimu kama shilingi 1,520 kabla ya tozo. Kwa dizeli iliyokuwa ikiuzwa zaidi ya shilingi 160 kwa lita jijini Nairobi mwaka 2025, fedha hizo hazifikishi lita kumi.

Kutoka stesheni kuu hadi Syokimau, kituo kilichofunguliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, ni takriban kilomita 16. Embakasi iko karibu zaidi. Njia hizo mbili ni tambarare na zinapita Makadara, kwa hiyo ndizo zinazofaa kuanzwa nazo. Thika, iliyo mbali kiasi cha kilomita 50, ingehitaji betri kubwa au kituo cha kuchaji mwisho wa safari. Kikuyu na Limuru ni kazi nyingine: Nairobi iko kama mita 1,660 juu ya usawa wa bahari, Limuru ni zaidi ya mita 2,200, na mlima huo unaweza kuimaliza betri haraka, ingawa treni inayoteremka hurudisha sehemu ya deni. Hakuna ubaya wowote njia ya mlimani ikibaki na dizeli kwa miaka kadhaa huku njia za tambarare zikisonga mbele.

Kutia umeme yadini kuna namna mbili. Ya kwanza ni kutandaza nyaya za volti 25,000 juu ya kila reli, kama zilivyo yadi kubwa za Ulaya. Ya pili ni kuchagua reli chache za kulaza treni, kuziwekea vituo vya kuchaji, na kununua injini za betri za kupangia mabehewa. Kwa Makadara namna ya pili ina nguvu zaidi, na sababu yake ni watu kuliko fedha.

Umeme wa volti 25,000 haungoji kuguswa, unaweza kuruka hewani. Nchini Uingereza watu huonywa wakae angalau mita 2.75 kutoka kwenye nyaya za reli. Umbali huo uletwe Gikomba, ambako hamali hupita na mkokoteni uliopandishwa mabelo ya mitumba hadi mzigo ukamzidi kimo mara mbili, na fundi wa Kamukunji hubeba begani bomba la chuma lililosimama wima. Na ule mtindo wa kupanda juu ya paa la treni, ambao Nairobi iliuzoea miaka mingi, chini ya waya kama huo ni kifo cha papo hapo. Reli ya tatu ya umeme iliyolazwa chini, kama ile ya kusini mwa Uingereza, haifai hata kujadiliwa katika mitaa ambayo watoto huvuka reli kwenda shule.

Hata ndani ya karakana nyaya za juu zina masharti yake. Winchi ya darini haiwezi kupita mahali penye waya, ndiyo maana karakana nyingi hukatisha waya mlangoni, au huweka mhimili wa umeme unaosogezwa kando kwa mtambo kabla fundi hajapanda. Umeme hukatwa, waya huunganishwa na ardhi, ufunguo hushikwa na mtu mmoja, na taa huonyesha hali ilivyo. Kazi haianzi mpaka hayo yote yatimie. Nidhamu hiyo hujengwa kwa mafunzo ya miaka, na Taasisi ya Mafunzo ya Reli iko hapo South B, mwendo mfupi kutoka karakana kuu.

Ipo pia hofu ya wizi wa nyaya, na haikuzuka bure. Afrika Kusini ina mtandao mkubwa wa treni za abiria za umeme, lakini ulinzi ulipolegea, na hasa wakati wa kufungwa kwa nchi kwa sababu ya korona mwaka 2020, nyaya za shaba ziling'olewa na stesheni zikabaki magofu. Kenya nayo ina kumbukumbu yake. Tarehe 11 Januari 2022, minara ya njia ya umeme ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka huko Imara Daima, ikidaiwa kuwa vyuma vyake viliibwa, na nchi ikaingia gizani. Siku chache baadaye serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, marufuku iliyodumu hadi Mei. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, ambao sanduku, jiko na toroli zao hutegemea vyuma hivyo, walilipia kosa ambalo si lao. Atakayetandaza kilomita nyingi za shaba katikati ya Eastlands na apange kwanza namna ya kuzilinda bila kuwaadhibu watu hao tena. Yadi yenye ukuta, taa na walinzi ni rahisi kulinda kuliko njia ndefu inayopita nyuma ya nyumba za watu.

Ukuta wenyewe, hata hivyo, una maswali yake. Kando ya reli kuna watu wanaouza, wanaolala na wanaolea. Wakazi wa Muthurwa walipoanza kuondolewa mwaka 2010 kwenye nyumba zilizokuwa mali ya hazina ya pensheni ya wafanyakazi wa reli, walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2013 mahakama ikaamua kwamba haki zao, ikiwemo haki ya makazi, zilikuwa zimekiukwa. Kibera na Mukuru zilipata mwendo ulio bora zaidi: kwa msaada wa Benki ya Dunia, waliokaa ndani ya hifadhi ya reli walihesabiwa, wakajengewa vyumba na vibanda vya biashara kabla ya kuondoka relini. Mradi wa umeme ukitaka kupokewa vizuri Makongeni na Landi Mawe, ufuate mfano huo wa pili tangu siku ya kwanza, wenye vibanda wakiwa mezani.

Afrika Mashariki na majirani zake wana uzoefu wa kutosha wa kujifunzia. Katika Katanga, eneo la migodi la Kongo ambako Kiswahili huzungumzwa, injini za umeme zilianza kuvuta mabehewa mwaka 1952 kati ya Jadotville, leo Likasi, na Tenke. Mji wa Addis Ababa ulifungua treni zake nyepesi za umeme Septemba 2015, na watu wakazipenda, lakini miaka michache baadaye nyingi zilikuwa zimesimama yadini kwa kukosa vipuri. Nyaya zilikuwepo, umeme ulikuwepo, karakana ndiyo iliyoishiwa. Somo hilo ni zito kuliko yote kwa Nairobi: mkataba wa kununua treni usiokuwa na vipuri na mafunzo ya mafundi wenyeji usitiwe saini.

Tanzania ndiyo inayotazamwa zaidi siku hizi. Treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, ikafika Dodoma mwezi uliofuata, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi tarehe 1 Agosti. Wananchi waliipa seti yenye pua ndefu jina la mchongoko. Hitilafu za umeme hazikukosekana siku za mwanzo, na treni zilikwama njiani, lakini safari zikaendelea. Kwa mkaazi wa Nairobi jambo la kuangalia ni kwamba umeme ule ulichorwa pamoja na reli tangu ramani ya kwanza. Nairobi ina reli yenye zaidi ya miaka 120, madaraja ya chini, na mitaa iliyoisogelea pande zote. Haiwezi kunakili Dar es Salaam. Inaweza kunakili busara ya kupanga mapema.

Kuhusu kukatika kwa stima, hakuna haja ya kuficha. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima ilikosa umeme kwa saa nyingi, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukabaki gizani. Mwaka 2025 Rais William Ruto alikiri kwamba saa za jioni baadhi ya maeneo hulazimika kukatiwa umeme kwa kuwa mahitaji yameuzidi uwezo. Jioni ndiyo saa ya mfanyabiashara wa Gikomba kurudi nyumbani. Treni inayotegemea waya ingesimama naye katikati ya Dandora. Treni iliyochajiwa usiku wa manane na kuongezwa mchana ingekuwa na safari ya jioni tumboni mwake, bila kuipa mitambo mzigo saa ile ngumu. Hili pekee linatosha kuipa yadi nafasi ya kwanza.

Wenye mabasi wameshauona mwanya huo. Kampuni ya BasiGo ilileta mabasi yake ya kwanza ya umeme Nairobi mwaka 2022, na mwaka huohuo ikafungua kituo cha kuchaji Buruburu, kandokando ya Jogoo Road ambako treni za Makadara husikika. Hapo basi hulala, hujazwa usiku, na alfajiri huingia barabarani. Mwenye basi hakulazimika kununua betri kwa mkupuo mmoja, kwani malipo yalipangwa kwa kilomita. Shirika la umma lenye madeni lingefaidika kuutazama mpango huo wa malipo kabla ya kudai kwamba betri ni ghali.

Mafundi nao wana la kusema. Injini kubwa za mvuke za Garratt za daraja la 59, zilizoundwa Manchester miaka ya 1950, zilivuta mizigo kutoka Mombasa hadi dizeli ilipozipokonya kazi kufikia mwaka 1980. Kila badiliko la namna hiyo huwaacha watu wenye ujuzi mikononi bila mtambo wa kuutumia. Fundi anayejua kila bomba la injini ya dizeli anaweza kufundishwa mota, breki za umeme na betri, mradi mafunzo yaanze kabla treni hazijashuka melini.

Umeme wenyewe hauko mbali. Kituo cha Juja Road, kinachopokea umeme wa kilovolti 132, kiko upande wa pili wa Pumwani, na kingine kipo kusini mwa Eneo la Viwanda. Kilichobaki ni karatasi. Mpango wa Nairobi Railway City, wenye ekari 425 kuzunguka stesheni kuu, uliwekewa jiwe la msingi Desemba 2022. Michoro yake inapaswa kuonyesha kiwanja cha transfoma, mifereji ya nyaya chini ya majukwaa, na madaraja mapya yaliyoinuliwa kiasi cha kuruhusu waya kupita juu ya treni iwapo siku moja utahitajika. Seti za Mallorca nazo zilikuwa na umri zilipofika, na muda wa kuzibadilisha hauwezi kuwa mbali. Wabunge wa Kamukunji, Starehe, Makadara na Embakasi wanaweza kuliuliza Shirika la Reli jambo moja la wazi kabla zabuni ya treni mpya haijatangazwa: je, wauzaji wataombwa wataje gharama ya kila kilomita kwa betri, sambamba na ile ya dizeli, kwa muda wote wa maisha ya treni?